Rangi ya matumbawe haiaminiki, uliza Kilwa

Wasee, sisi wa Kithyoko bahari tunaiona kwa simu, lakini hii stori ni yetu pia. Wengi wanaofuga matumbawe kwa matangi ya nyumbani huyatambua kwa rangi. Shida, rangi hubadilika taa ikibadilika. Mifupa yake ya chokaa ndiyo husema ukweli.

Mafundi Waswahili walijua hilo kabla Vasco da Gama hajafika 1498. Kuta za Kilwa na Gedi ni jiwe la matumbawe ya kale, lililochimbwa nchi kavu. Kwa kazi ya kuchonga, kama mihrabu, walikata Porites hai baharini: mbichi ni laini, ikikauka inakuwa ngumu. Angekosea aina, fundi angeharibu mihrabu.

Sasa nani atasema ujuzi huu uliletwa na meli?