Jicho Mguuni (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mwaka 1984, katika maabara ya Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, kipande cha DNA chenye herufi 180 kilichogunduliwa kwenye jeni za nzi wa matunda kilitafutwa kwa wanyama wengine. Kikaonekana kwa chura. Kikaonekana kwa panya. Kikaonekana hata kwa binadamu. Jeni zinazopanga kichwa cha nzi kikae wapi na miguu yake iote wapi zina ndugu zao ndani ya miili yetu.

SASA ENDELEA...

Nzi wa matunda ana jozi nne tu za kromosomu. Ya nne ni ndogo mno, chini ya hadubini huonekana kama nukta. Mwaka 1994 Rebecca Quiring, Uwe Walldorf na wenzao katika maabara hiyo ya Basel walikuwa na jeni mpya ya nzi mkononi. Walipotafuta inakaa wapi, wakaikuta kwenye nukta hiyo.

Mahali hapo palishajulikana. Tangu 1915 watafiti walikuwa wameona nzi wanaorithi kasoro ya kuzaliwa na macho yaliyodumaa, au bila macho kabisa. Kasoro hiyo iliitwa eyeless, na chanzo chake kilikuwa kwenye kromosomu ya nne. Ikabainika kwamba jeni mpya ndiyo hasa inayoharibika nzi anapokosa macho.

Wakaisoma herufi kwa herufi. Ndipo waliposhtuka, kwa sababu jeni ya namna hiyo ilikuwa imeshaonekana kwa panya.

Panya anayerithi nakala moja mbovu ya jeni iitwayo Pax6 huwa na macho madogo. Akirithi nakala zote mbili zikiwa mbovu, hana macho, hana pua, na hufa mara tu azaliwapo. Kwa binadamu, nakala moja mbovu yatosha mtoto kuzaliwa bila lile duara lenye rangi linalozunguka mboni, na mwanga wa jua humtesa. Katika sehemu moja muhimu, protini ya nzi na ile ya panya zinafanana kwa asilimia 94.

Asilimia 94! Nzi na panya waliachana njia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Jicho la panya, kama letu, lina lenzi moja na retina nyuma yake. Jicho la nzi ni mkusanyiko wa vijicho karibu 800, kila kimoja na lenzi yake. Mwaka 1977 Luitfried von Salvini-Plawen na Ernst Mayr waliandika kwamba macho yalizuka duniani mara 40 au zaidi, kila ukoo wa wanyama kivyake. Ilikuwaje basi jeni ileile ikutwe kwenye chanzo cha macho yasiyofanana hata kidogo?

Huenda ilikuwa jeni ya kusaidia tu. Jicho likiharibika baada ya jeni fulani kuharibika, hilo halithibitishi kwamba jeni hiyo ndiyo inayolianzisha. Ilibaki njia moja ya kupata ukweli: kuiamsha mahali ambapo jicho halina kazi.

Hapa, msomaji, naomba ushike jambo moja, maana simulizi yote imesimama juu yake. Seli ya mguu wa nzi inazo jeni zote za jicho. Seli ya ini lako nayo ina kila jeni iliyojenga jicho unalosomea maneno haya. Hazikupotea, zimenyamazishwa. Kinachoitenga seli na jirani yake ni jeni zipi zimeamshwa, wapi na lini.

Georg Halder na Patrick Callaerts, wa maabara hiyohiyo, wakachukua protini ya hamira yenye uwezo wa kuamsha jeni. Wakaiweka ndani ya buu, kwenye mafungu ya seli ambayo baadaye hukunjuka na kuwa miguu, mabawa na vipapasio. Ikaiamsha eyeless humo. Buu likala, likanenepa, likageuka pupa. Kutoka yai hadi nzi kamili ni siku kama 10.

Siku zikatimia. Miguuni palikuwa na macho.

Kwenye mabawa, macho. Kwenye vipapasio, macho. Mekundu, vijilenzi vimejipanga safu kwa safu, na chini yake seli za kupokea mwanga. Eyeless yenyewe haitengenezi lenzi wala rangi. Ni kama nyapara: huita jeni nyingine kazini, nazo huita nyingine, mpaka jicho likamilike.

Lakini hiyo ilikuwa jeni ya nzi ndani ya nzi. Wakarudia jaribio, safari hii kwa jeni ya panya.

Sasa amri inatoka kwa mnyama mwenye lenzi moja, na wanaoipokea ni seli za mdudu. Zitaielewa? Buu likala. Likanenepa. Likageuka pupa. Siku zikatimia tena, na mguu mwembamba wa nzi ukawekwa chini ya hadubini.

Je, umeota jicho? Na kama umeota, ni jicho la panya au la nzi?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO