Kamba Ndefu na Kichwa Kilichofungwa



Sikukuu moja ya Idi, ufukweni upande wa Kinondoni, nilimkuta kijana akiwapandisha watoto juu ya farasi mdogo kwa malipo. Farasi yule alikuwa amefungwa kamba fupi toka kwenye lijamu mpaka mkanda wa tumboni, kidevu kikakaribia kugusa kifua. Watu wakisifu: tazameni shingo ilivyopinda, kama farasi wa mfalme! Mara fataki ikalia. Mnyama akataka kuinua kichwa, akashindwa, akasimama kwa miguu ya nyuma. Alhamdulillahi, mtoto alidakwa kabla hajafika chini. Kijana akaokota fimbo.

Mzee mmoja, aliyepata kuwa saisi ujanani mwake, akamshika mkono. "Mwanangu, mfungue kwanza."

"Mzee wangu, nikimfungua atanikimbia."

"Hakimbii. Anaogopa."

Akamfungua, akamtia kamba ndefu, akasimama katikati na kumwacha amzunguke taratibu. Haukupita muda mrefu farasi akashusha kichwa mwenyewe, bila ya kulazimishwa na mtu.

Huenda ukasema, sisi wa Temeke na Kinondoni tuna nini na farasi? Kweli, wengi wetu humwona katika kikosi cha polisi tu. Mbung'o, na maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi, viliwaua wengi hata mnyama huyu akawa adimu katika nchi zetu. Lakini jina lake twalijua tangu chuoni, pale mtoto anapohifadhi Suratul-Aadiyaat. Na lugha yetu ina maneno ya mwendo wake: telki, matiti, shoti. Watu wasiojua kupanda wangeyatumia wapi maneno hayo?

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 jinsi watoto wa Seyyid Said walivyofundishwa kupanda tangu wadogo. Waliofuzu walipewa mnyama wao: wavulana farasi, na wasichana punda weupe wa Maskati, ambao bei yao haikuwa ndogo hata kidogo. Kwa hiyo elimu hii ilikuwako hapa kwetu, ng'ambo ya maji tu kutoka Dar es Salaam.

Sasa tazama kazi ya kamba ndefu. Mwalimu husimama katikati, na farasi huzunguka duara pana, mita 15 mpaka 20 toka upande huu hadi huu. Duara likiwa dogo, viungo vya miguu huumia, khasa kwa mnyama mchanga. Huzungushwa mkono wa kulia kisha wa kushoto, kwa muda mfupi, naye hujifunza kusikiliza sauti, kupumua vizuri na kujiweka sawa kabla hajabebeshwa mtu.

Baadaye watu wakaongeza hatamu za ubavuni, zinazotoka kwenye lijamu mpaka kwenye mkanda wa tumbo. Zikiwa ndefu, na zikifungwa baada ya mnyama kupata moto wa mwili, humwonyesha mahali pa kutulia. Zikifupishwa, ndiyo yale ya ufukweni: shingo hupinda na macho ya watu hufurahi, lakini mgongo umebonyea na miguu ya nyuma haisukumi. Huko Ulaya, William Cavendish, bwana mkubwa wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1658 mjini Antwerp kitabu cha mafunzo ya farasi, na anahesabiwa miongoni mwa walioeneza hatamu za kuvutia kichwa chini. Tangu siku hizo mabwana wa farasi hawajaacha kubishana juu yake.

Wanazuoni wetu walianza kwengine. Wakati wa Bani Abbas, Ibn Akhi Hizam aliandika juu ya upandaji farasi na matibabu yake pamoja, kwani asiyejua maumivu ya mnyama atamfundishaje? Na kabla ya hapo, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kwa masafa marefu, toka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyiwa kwa masafa mafupi, mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Abdallah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Kila mnyama alipewa kadiri ya matayarisho yake. Kadhalika Muslim amepokea khabari ya Bibi Aisha (r.a.): alipanda ngamia mkaidi, akawa anamrudisha huku na huku, Mtume akamtaka ashikamane na upole. Ngamia alikuwa mkaidi kweli, wala hilo halikukanushwa.

Kuzunguka peke yake si kufundishwa. Unguja na Lamu ngamia wa kinu cha ufuta alizunguka mchana kutwa, macho yamefungwa, wala hakuna aliyedai kwamba anasomeshwa. Ilikuwa kazi, na watu waliiita kazi.

Na ikiwa kwako hapana farasi, pengine kwa jamaa yako yuko punda wa mkokoteni. Punda akiogopa aghlabu hakimbii. Husimama kama jiwe, nasi humwita mkaidi na kumpiga. Mpe nafasi akitazame kile anachokiogopa. Ukishindwa na huruma, basi kumbuka kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Mzee yule, kabla ya kuondoka, alimwonyesha kijana vidonda viwili pembeni mwa midomo ya farasi. Akamwambia avioshe kwa maji ya chumvi, na asimtie lijamu mpaka vipone. Kijana akauliza, "Na watoto hawa, mzee, niwaambieje?" Watoto walikuwa bado wamepanga mstari, pesa za sikukuu mkononi.