Bwana Msa hakuazima kiko tu

Wanaosema riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni mwigo mtupu huanza na kiko. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, huvuta kiko kama Sherlock Holmes, na ubavuni pake yupo rafiki yake Najum, kama Watson alivyokuwa ubavuni pa Holmes. Hayo ni kweli, wala hayafichiki. Lakini tazama kinachopelelezwa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, maiti ya Bwana Ali, mtu wa mali, inakutwa haina kichwa, tena mzimuni, mahali ambapo wengine wasingethubutu kupadharau. Spekta Seif wa polisi ana cheo na sheria. Msa ana subira ya kuuliza habari za watu na koo zao. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyekuwa mhariri wa magazeti Unguja, alijua kwamba katika visiwa vya mashamba na mirathi, siri nzito ni nasaba: nani kazaliwa na nani, na nani ana haki ya kurithi. Kiko kilitoka Uingereza. Swali lilikuwa la nyumbani.

Wajapani walipita njia hiyohiyo. Hirai Tarō, aliyetoa hadithi yake ya kwanza ya fumbo mwaka 1923, alijiita Edogawa Ranpo. Litamke jina hilo upesi nawe utamsikia Edgar Allan Poe ndani yake. Hakuna anayemwita leo mwizi. Juu ya msingi huo, mwaka 2001 Yonezawa Honobu alitoa Hyōka, riwaya ya vijana ambamo wanafunzi wa mji mdogo hufumbua siri za shule yao. Ikawa katuni ya televisheni mwaka 2012 na filamu ya waigizaji mwaka 2017. Kazi hiyo ilihamishiwa kwenye skrini mara mbili, na kila mara mji ule mdogo ulibaki ndani yake.

Huku kwetu Afrika Mashariki nako mpelelezi alibadilika kadiri maswali yalivyobadilika. Elvis Musiba alipomtuma Willy Gamba Nairobi katika Kufa na Kupona, 1974, fumbo halikuwa tena shamba la ukoo bali siri za harakati za ukombozi wa Afrika. Kisha akaja Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Mtobwa alizaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, ambako Kiha kinachosemwa kinasikilizana na Kirundi chetu cha Burundi. Basi mpelelezi huyu ana ujirani na sisi zaidi ya tunavyodhani. Wapo wasomi waliozipuuza riwaya hizi kwa kuziita fasihi pendwa. Lakini kupendwa na wengi si kasoro, na riwaya hizi ziliwazoeza wengi kusoma kitabu kizima kwa Kiswahili bila kulazimishwa na mwalimu.

Pingamizi zito zaidi ni la hapa Bujumbura: kwamba redio yetu husikilizwa kwa Kirundi, na Kiswahili ni cha mitaa ya Buyenzi na Bwiza tu. Haliwezi kupuuzwa, kwa maana mchezo wa redio uliotikisa nchi, Umubanyi Niwe Muryango wa Marie-Louise Sibazuri, uliorushwa na Studio Ijambo wakati wa vita, ulikuwa wa Kirundi. Ila pingamizi hilo linawasahau waliorudi. Warundi waliokimbia nchi mwaka 1972 waliishi Tanzania miongo mingi, watoto wao wakakulia katika Kiswahili, na waliporejea wengi walikuta wengine wanalima mashamba ya wazazi wao. Migogoro ikawa mingi hata serikali ikaunda tume ya ardhi na mali, CNTB, mwaka 2006. Nani alizaliwa hapa, nani aliuza, nani shahidi, nani mrithi: hayo ndiyo maswali ya Bwana Msa, na kwetu huulizwa kila msimu wa kulima. Watayarishaji wa redio wa Bujumbura, msimlete Msa na kiko chake kama alivyo. Mpeni shamba la Rumonge lenye wadai wawili, wote wawili wakweli, na mumwache aulize kwa Kiswahili, ajibiwe kwa Kirundi.