Ukaguzi Juu ya Ukaguzi

Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, waliketi kwenye mnada, wakasikiliza bei walizotajiwa na wanunuzi, wakakataa kuuza. Bei haikufika hata shilingi 3,000 kwa kilo. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na kwamba Jeshi la Wananchi litazisomba. Magari ya kijeshi yakashuka kusini. Fedha zilipitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo.

Kabla ya kulipwa, hata hivyo, mkulima alipaswa kuhakikiwa. Timu za uhakiki ziliingia kwenye vyama vya msingi vya ushirika, zikalinganisha kilo zilizopokelewa na majina yaliyomo daftarini. Aliyeleta mzigo mkubwa alifuatwa shambani ili mikorosho yake ionekane kwa macho. Walengwa walikuwa wafanyabiashara wa kangomba, yaani wale wanaozunguka vijijini kabla ya msimu na kununua kwa bei ya shida, na pia korosho zilizovushwa mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Lengo lilikuwa na msingi. Lakini mkulima huyo alikwisha kuandikishwa na chama chake, mzigo wake ulikwisha kupimwa mbele ya karani, ukapimwa tena ghala kuu, na stakabadhi ikatolewa. Malipo yalisogea kutoka Desemba hadi mwaka uliofuata. Wapo waliokosa ada za watoto shuleni, na wengine waliingia msimu wa palizi bila senti mfukoni.

Wakati huohuo, Januari 2019, Serikali ilitia saini mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya. Miezi michache baadaye mkataba ukavunjwa kwa sababu fedha hazikuja. Mwenye ekari mbili alikaguliwa mara nne, ilhali mnunuzi wa sehemu kubwa ya mavuno ya nchi hakupimwa uwezo wake vya kutosha. Hili ndilo jambo linalojirudia katika historia ya korosho za Mtwara: ukaguzi huongezwa pale ambapo kazi imekwisha kufanywa, na huondolewa pale ambapo hakuna mwingine anayeifanya.

Mkorosho si mti wa asili wa pwani hii. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaukubali mchanga wa Msimbati na mdomo wa Ruvuma, kisha ukapanda hadi uwanda wa Wamakonde, ambako maji ni ya shida na mazao mengi hunyauka. Biashara yenyewe ilikua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Korosho ghafi zilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi na kupakiwa melini kwenda India, zikabanguliwe huko. Mkulima hakuwa na mtu wa kumtazamia mzani. Vyama vya ushirika viliziba pengo hilo: baada ya uhuru vilishika ununuzi, na kwenye mzani akasimama karani ambaye wanachama walimjua kwa jina na kwa ukoo.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Kisha yakaja mambo mawili kwa mpigo. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, magugu yakafunga mashamba. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kazi ya kununua ikabaki kwa Mamlaka ya Korosho, chombo cha Serikali. Hoja ilikuwa kwamba ushirika ni ngazi isiyohitajika kati ya kijiji na Mamlaka. Kwenye karatasi ilionekana hivyo. Kilichoondoka na ngazi hiyo ni jicho la mkulima mwenyewe kwenye mzani na haki yake ya kumfukuza karani mwizi. Ugonjwa wa ubwiriunga nao ukashambulia maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 17,000. Viwanda 12 vya kubangua, vilivyojengwa kwa mikopo na kufungwa mitambo ya Italia na Japani, vilibaki vikingoja korosho ambazo hazikuwapo.

Zao liliokolewa na unga wa salfa. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walionyesha kwamba salfa ikipulizwa kwa wakati wake inaudhibiti ubwiriunga, na mikorosho iliyokuwa imekatiwa tamaa ikaanza kuzaa tena. Ni kazi inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mwaka 1991 soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi waliingia hadi vichochoroni, bei ikashindaniwa, na kwa misimu kadhaa wakulima walinufaika kweli. Lakini ununuzi huria uliondoa pia upangaji wa madaraja kijijini. Korosho zilizokaushwa vizuri na zile zilizoanikwa nusu siku ziliingia gunia moja kwa bei moja, na aliyejitahidi hakuona faida ya jitihada yake. Kangomba ikastawi: ununuzi kwa kibakuli kinachoitwa cha kilo moja huku kikibeba zaidi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007 kwa sheria ya 2005, ulikuja kurudisha kilichopotea. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi. Huko hukaguliwa, kutengwa madaraja mawili na kupimwa unyevu, kwa sababu unyevu ukizidi asilimia kumi korosho huota ukungu zikiwa safarini. Huenda ghala kuu, ambako sampuli hupasuliwa kuona kiini, na ndipo huuzwa mnadani. Kila hatua ina aliyeumia kabla yake. Anayeona kupasua sampuli ni usumbufu akumbuke mwaka 2017, wanunuzi wa Vietnam walipolalamika kwamba wamekuta kokoto ndani ya magunia kutoka Tanzania. Jina lililochafuka halikuwa la mkulima mmoja, lilikuwa la Mtwara nzima.

Mfumo huo nao ulikuwa na mahali pasipokaguliwa. Malipo yaligawanywa, ya kwanza wakati wa kukabidhi na ya pili baada ya kuuza, na hesabu ya katikati haikuwa wazi. Aprili 2013 wakulima wa Liwale, mkoani Lindi, walipata malipo ya pili madogo kuliko waliyoahidiwa, na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Mkulima alikuwa amekaguliwa unyevu, daraja na uzito. Makato yake hayakukaguliwa na mtu.

Wapo mafundi wa fani nyingine kabisa waliolifikiria kwa utaratibu swali hili la lini ukaguzi unaweza kuondolewa. Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichomo ndani ya seva nyingi za dunia na kila simu ya Android. Kadi ya mtandao ikipokea data hutuma kikatizo: kichakataji huacha kazi kinayoifanya na kukimbilia kipande maalumu cha msimbo. Hatari ni kikatizo kingine kuingia katikati na kukuta kazi iko nusu. Kwa miaka mingi kila mwandishi wa kipande kama hicho aliamua mwenyewe kama aombe kinga, kwa alama maalumu, ili vikatizo vingine vizuiwe. Mwaka 2010 kiini chenyewe kikachukua dhamana: kila kipande kingeanza kazi vikatizo vikiwa vimekwisha kuzimwa kwenye kichakataji hicho. Alama ya zamani haikuwa na kazi tena. Hata hivyo haikung'olewa siku hiyohiyo. Iliondolewa dereva baada ya dereva, na ikafutwa kabisa mwaka 2015. Walioifuta waliweza kuonyesha ni mstari gani, wa nani, unaotoa dhamana ile ambayo zamani alama hiyo ndiyo iliyoitoa.

Kwenye korosho, mwaka 1976 ushirika ulipovunjwa, hakuna aliyeweza kuonyesha hilo. Mwaka 1991 soko lilipofunguliwa, pia hapana.

Jaribio la sasa lina matumaini zaidi. Zamani wanunuzi walitumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, na hofu kwamba bahasha imefunguliwa kabla ya wakati haikuisha. Tarehe 11 Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa msimu, chini ya TANECU, chama kikuu cha Tandahimba na Newala, uliendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, na bei ya juu ikafika shilingi 4,120 kwa kilo. Zabuni zinaonekana na wote, kwa hiyo mashahidi waliolinda sanduku hawana cha kulinda tena. Ukaguzi wao umeondolewa kwa sababu umepata mwenyewe. Msimu huo mavuno yalipita tani 500,000.

Kilichobaki bila mwenyewe ni unyaufu. Korosho hupungua uzito kadiri zinavyokaa, na mzani wa ghala kuu husoma kidogo kuliko wa kijijini. Chama cha msingi hubeba pengo hilo, kisha hulirudisha kwa wanachama kama makato. Mizani ya kidijitali imeanza kusambazwa vyamani, nayo huandika uzito bila mkono wa karani. Haiwezi kusema kama kilo tano zilizopotea zimekauka, zimemwagika barabarani au zimechotwa, na mpaka hilo litenganishwe, kupima mara ya pili si kurudia kazi: ndilo jambo pekee linalomwonyesha mkulima kwamba kilo hizo zimepotea.