Daniel Adongo: mkenya aliyeanza mchezo upya akiwa na miaka 23

Wiki hii tulikuwa tumepanga kuendelea na historia ya mpira wa Burundi, lakini kuna jambo limetokea kwenye kikundi chetu hapa Bujumbura, basi tumeona kwanza tuandike hii. Mtasoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Wengi wetu tunajua mpira wa miguu tu. Ukisema "futiboli ya Kimarekani" watu wanacheka, wanasema ule mchezo wa kofia ngumu na kugongana kama mbuzi dume. Lakini kuna kijana wa hapa kwetu Afrika Mashariki aliyefika kule juu kabisa, tena kwa kazi ya ulinzi, si kwa kufunga. Jina lake ni Daniel Adongo.

Adongo alizaliwa Nairobi mwaka 1989. Hakukua akiota Marekani. Mchezo wake ulikuwa raga, ambayo Kenya wanaipenda sana. Alikuwa mrefu, karibu mita 2, mzito, na bado ana mbio. Mtu wa namna hiyo kwenye raga anawekwa mbele, pale kwenye kusukumana na kuangusha watu.

Raga ilimtoa nyumbani. Alienda Afrika Kusini, akaingia kwenye akademi ya Sharks ya mji wa Durban, akapita pia Blue Bulls ya Pretoria. Halafu akavuka bahari hadi New Zealand kuchezea Counties Manukau. Mwaka 2013 alikuwa amerudi Afrika Kusini na timu ya Southern Kings. Mkiangalia hiyo safari, mtaona ni ya mtu anayetafuta nafasi: timu hii, timu ile, nchi hii, nchi ile. Hakuwa nyota wa dunia. Alikuwa mfanyakazi wa raga.

Basi Julai 2013 ikatokea kitu ambacho hata watu wa raga hawakukiamini. Indianapolis Colts, moja kati ya timu 32 za ligi kuu ya Marekani, NFL, ikamsajili. Na kumbe Adongo alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya ule mchezo. Hata ya shule. Wenzake pale walikuwa wameanza wakiwa watoto, wakapita sekondari, wakapita chuo kikuu. Yeye anafika na miaka 23, anaanza na alfabeti.

Mtu anaweza kusema, "Si ni kukimbia na kuangusha tu, kama raga?" Hapana. Tuliuliza, tukasoma, na tofauti ni kubwa. Kwenye raga unamkaba mwenye mpira tu. Kwenye mchezo wa Wamarekani, mtu asiye na mpira anaruhusiwa kukuzuia kwa mwili wake wote ili mwenzake apite, na wewe lazima ujue kutoka mikononi mwake. Kwenye raga hakuna kurusha mpira mbele kwa mkono. Kule ndiyo silaha kubwa. Kwenye raga mchezo unaendelea kutiririka. Kule kila baada ya sekunde chache unasimama, watu wanajipanga upya, wanapewa mpango mpya. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 kusogea yadi 10, na walinzi kazi yao ni kuwanyima hizo yadi.

Adongo alipewa nafasi wanayoiita lainibeka wa pembeni. Huyo ni mlinzi anayesimama ukingoni mwa mstari. Mara anakimbilia anayerusha mpira ili amwangushe, mara anarudi nyuma kumfuata mtu anayetaka kupokea. Sasa akichelewa kufikiri nusu sekunde tu, pale pake pameshapitwa. Mwili wa raga ulimsaidia, ndiyo, lakini kichwa kilipaswa kujifunza lugha mpya kabisa. Na sisi wakimbizi tunajua maana yake. Unafika nchi mpya, una akili yako na nguvu zako, lakini darasani unakaa na watoto wadogo kwa sababu hujui lugha yao.

Kikosi cha timu ya NFL kina wachezaji 53. Nje ya hao kuna kikosi cha mazoezi, ambao mwaka ule walikuwa 8 kwa kila timu. Hao wanafanya mazoezi wiki nzima, wanajifanya adui ili wenzao wajiandae, na siku ya mechi wakati ule walikuwa hawavai. Adongo aliwekwa huko. Septemba, Oktoba, Novemba, kazi ni hiyo tu. Hakuna anayekupigia makofi.

Mwanzoni mwa Desemba akapandishwa. Tarehe 8 Desemba 2013, Colts wakiwa wageni wa Cincinnati Bengals, Adongo akaingia uwanjani. Hakuanza kama mlinzi wa kawaida. Aliingia kwenye kikosi maalum, wale wanaokimbia kumwangusha anayepokea mpira uliopigwa kwa mguu. Ndiyo kazi ambayo wageni wengi wanaanzia. Colts walifungwa 42 kwa 28 ile siku. Lakini mtu aliyezaliwa na kulelewa Kenya alikuwa amecheza NFL, na kabla yake hatujui mwingine. Kutoka kusajiliwa hadi hapo, haikufika hata miezi 5.

Hatutaki kuwadanganya: hakuwa nyota baadaye. Majeraha yalimsumbua, mechi zake zilikuwa chache, na safari yake na Colts iliisha mwaka 2015. Kuna watu wanasema basi alishindwa. Sisi kwenye kikundi tulibishana sana juu ya hilo. Wengine walisema mtu aliyefika mlangoni pa NFL bila kujua mchezo hawezi kuitwa ameshindwa. Dada mmoja akasema neno ambalo lilitunyamazisha: "Mnaongea tu kama amefika au hajafika. Hamuulizi alipitaje."

Na hapo ndipo tunafika kwenye lile jambo letu.

Mwezi uliopita mtu mmoja alikuja kwa vijana wetu wanaocheza jioni. Amevaa vizuri, ana picha nyingi kwenye simu. Akasema anatafuta vijana warefu, wenye nguvu, kwa majaribio nje ya nchi. Kila mmoja atoe pesa ya "fomu" na "viza". Watatu wetu walitoa. Mmoja aliuza baiskeli aliyokuwa anabebea watu, na ndiyo ilikuwa inalisha wadogo zake. Simu ya yule mtu haipatikani tena.

Hatuwacheki wale ndugu zetu. Ukikaa miaka mingi unasubiri karatasi, mtu akikuonyesha mlango, utakimbia. Lakini tazameni tena njia ya Adongo. Timu ndiyo iliyomtaka, timu ndiyo iliyomlipa. Na kwenye NFL sheria iko wazi: wakala wa mchezaji lazima awe na kibali cha chama cha wachezaji, na analipwa asilimia isiyozidi 3 ya malipo ya mkataba, tena baada ya mchezaji kulipwa. Yaani wakala wa kweli anakula baada yako. Anayetaka kula kabla yako, huyo si wakala.

Na milango ya kweli ipo, hata kama ni myembamba. Juni 2022 NFL yenyewe ilifanya kambi ya kutafuta vipaji Afrika, pale Ghana. Yupo Efe Obada, aliyezaliwa Nigeria, akaachwa London na dada yake akiwa na miaka 10, bila mzazi. Alicheza mechi 5 tu za timu ya mtaani London kabla ya Dallas Cowboys kumchukua mwaka 2015. Akaachwa na klabu zaidi ya moja, hadi mwaka 2018 alipong'aa na Carolina Panthers, naye ni mlinzi.

Na kama mnataka wa hapa hapa, yupo Saido Berahino. Alizaliwa Bujumbura hii, akafika Uingereza mkimbizi wa miaka 10. Mwaka ule ule wa 2013, mwezi Septemba, alifunga bao la ushindi pale Old Trafford, West Bromwich wakawapiga Manchester United 2 kwa 1. Baadaye akawa kapteni wa Intamba kwenye AFCON ya 2019.

Wote hao walionekana wakicheza. Hakuna aliyenunua fomu kwa mtu wa barabarani.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwa vijana: mtu akikuahidi timu, mlete kwanza kikundini, tumuulize pamoja, kabla hujauza kitu. Kwa ndugu wa mashirika mnaotusoma: mkija kutufundisha juu ya hatari za njiani, msiseme tu "msiende". Mtusaidie kujua wakala wa kweli anatambulikaje, maana hiyo ndiyo elimu tunayokosa.

Yule ndugu wa baiskeli ametukubalia tuandike haya. Tumeanza kuchanga ili apate nyingine. Jioni bado anakuja uwanjani, na bado anakimbia kutushinda wote.