Sheria na Elimu katika Kumkinga Binti

Miongoni mwa mambo yaliyolisumbua taifa letu kwa muda mrefu ni hili la mabinti kushika mimba kabla hawajamaliza masomo wala kukomaa mwili. Kila linapozungumzwa, watu hugawanyika makundi mawili. Wako wanaodai sheria kali, na wako wanaodai mafunzo. Katika insha hii tunakusudia kulitazama jambo hili kwa macho ya historia, ili tuone kila njia ilitufikisha wapi.

Hapana budi tuanze na mila. Katika jamii nyingi za pwani na za kusini, kama vile Wazaramo, Wayao na Wamakonde, binti aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi. Katika unyago alifundishwa habari za mwili wake, usafi, adabu na wajibu wa mke. Kwa Wazaramo mwali alitawishwa ndani kwa muda mrefu, na siku ya kutolewa alichezewa ngoma mbele ya watu. Mafunzo hayo yalikuwa na nguvu kwa sababu hayakungoja kosa litendeke, na tena yaliungwa mkono na mji mzima. Lakini tusiyapambe kupita kiasi. Unyago ulimwandaa binti kwa ndoa, tena ndoa ya mapema. Mimba ya aibu ilikuwa ile iliyotangulia unyago au ndoa. Umri wenyewe haukuwa hoja.

Shule ndiyo iliyoleta hesabu mpya ya umri. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na mpango huo ulipotekelezwa mwaka 1977, wasichana wengi waliingia darasani. Baadhi yao walianza darasa la kwanza wakiwa wamechelewa, wakavunja ungo wangali wanafunzi. Hapo akapatikana msichana ambaye mila ilimhesabu mtu mzima na shule ikamhesabu mtoto. Kungwi hakuwa na mafunzo juu ya miaka ya masomo iliyobaki, na mwalimu aliona haya kutaja habari za mwili. Katika pengo hilo binti alibaki bila mshauri, na sheria ikaitwa izibe pengo.

Lakini sheria zenyewe hazikusema kwa sauti moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke, kwa idhini ya mzazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilihesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18, hata kama ameridhia. Ila ikamtoa katika ulinzi huo yule mwenye miaka 15 au zaidi ambaye ni mke wa mtu huyo. Kwa hiyo tendo lile lile lilikuwa jinai nje ya ndoa, na halali ndani yake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na adhabu ya kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ikawa kifungo cha miaka 30. Hatusemi kwamba adhabu hiyo haina maana, kwani humwonya mtu mzima anayemnyemelea mtoto. Lakini sote tunajua mambo yaendavyo vijijini. Pengine mhalifu ni jamaa au jirani anayeilisha nyumba. Wazee hukaa kikao, fidia hupokelewa, na shahidi akifika mahakamani husema hakumbuki. Adhabu inapokuwa nzito, na midomo nayo huwa mizito.

Jambo lililoumiza zaidi lilikuwa kumwadhibu binti mwenyewe. Kwa miongo mingi mwanafunzi mjamzito alifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumwondoa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa. Mnamo Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Waliounga mkono walihofu kwamba kumrudisha kungewapotosha wenzake. Hofu hiyo ilikuwa ya wazazi wengi, nasi hatuidharau. Lakini aliyefukuzwa alinyang'anywa elimu, kinga pekee ambayo ingemwepusha na mimba ya pili na ufukara. Novemba 2021 Serikali iliondoa katazo hilo.

Takwimu zatupa nini? Katika utafiti wa kitaifa wa 2010, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kuwa wajawazito walikuwa asilimia 23. Katika ule wa 2015 na 2016 wakafika 27. Mwaka 2022 wakashuka hadi 22. Katika kipindi cha kushuka kulikuwa na kifungo cha miaka 30, na pia elimu ya sekondari isiyolipiwa ada iliyoanza mwaka 2016. Basi hesabu hizi peke yake haziamui ugomvi. Waliofika sekondari huzaa mapema kwa uchache kuliko wasiosoma, ingawa wako pia walioacha shule kwa ajili ya mimba yenyewe.

Historia, hata hivyo, inatufunza mpaka wa kila njia. Sheria hufika baada ya tendo, elimu hufika kabla. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sheria ifanye kazi ya boma: imzuie mnyemeleaji, wala isimfungie nje binti aliyejeruhiwa. Ndani ya boma hilo, mwalimu na mzazi washike kazi iliyokuwa ya kungwi, wamweleze binti ukweli wa mwili wake mapema. Na mvulana naye afunzwe, maana mimba haina mzazi mmoja. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeirithi hekima ya wazee wetu bila kuyarithi makosa yao.