PAMBA YETU, SEHEMU YA 4: Mnunuzi akisita, nani anaumia?

Mama zangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega! Wengi mmeniuliza: "Nesi, pamba na kliniki vinahusiana wapi?" Vinahusiana sana. Soma mpaka mwisho, hata kama mtoto yuko ziwani.

Miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani. Wakaungana, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ukiongozwa na Paul Bomani. Ushirika ukanunua pamba, ukawa na majineri yake wenyewe. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama hivyo. Viliporudishwa miaka ya 1980 havikuwa na nguvu ile tena. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, wazawa na wageni.

Tusiwalaumu bure. Walileta mitaji na wakafufua ununuzi. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa nyuzi tu, kwa hiyo bei inapangwa mbali na hapa. Mwaka 2019 mnakumbuka? Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita. Pamba ikakaa, na mama aliyekuwa anasubiri hela ya sare na ya chakula akaendelea kusubiri.

Sasa tuje kwenye kodi. Ili kuvutia kampuni, nchi yetu imetoa misamaha mingi. Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje ilimpa mwekezaji miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, na bila kodi za halmashauri. Kwenye dhahabu, sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3 tu. Majirani zetu wa Kahama wanaijua hadithi hiyo. Ilipofika 2017 ndipo mrabaha ukafika asilimia 6 na serikali ikapewa angalau asilimia 16 ya hisa migodini.

Kwa nini nesi anahangaika na haya? Kwa sababu mnunuzi wa pamba hulipa ushuru wa mazao kwa halmashauri. Ulikuwa asilimia 5, mwaka 2017 ukashushwa kuwa 3. Kwenye mapato ya ndani ya halmashauri ndiko inakotoka ile asilimia 10 ya mikopo, ambayo 4 ni ya vikundi vya wanawake. Humo humo zinatafutwa hela za kumalizia boma la zahanati. Mnunuzi akichelewa, mkulima anakosa, na halmashauri nayo inakosa. Tegemeo likiwa moja, likiyumba linatikisa nyumba nzima.

Sisemi tuwafukuze wawekezaji. Nasema tuulize. Kwenye mkutano wa kijiji na kwenye AMCOS uliza: msimu huu ushuru umekusanywa kiasi gani? Kampuni fulani imesamehewa nini, na kwa miaka mingapi? Msamaha ukiisha, itabaki? Na uliza lini pamba ya Simiyu itageuzwa bandeji hapa hapa, badala ya kuondoka robota na kurudi kwenye pakiti.

Baba akiwa karibu, msomee. Sehemu ya 5: mbegu, dawa za pamba, na usalama wa watoto nyumbani.